Methadoni: ya kijiweni na ya kliniki

"Umeacha unga, umehamia dawa." Hii imesemwa sana vijiweni tangu hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ianze mwaka 2011 kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, yaani unga. Kweli, methadoni na heroini ni jamii moja, na mwili huizoea. Tofauti iko kwenye saa. Heroini humshika mtu saa chache, kisha arosto, yaani kuugua kwa kukosa unga: makamasi, miayo, tumbo kukata, na mbio za kusaka kete nyingine. Methadoni ya kunywa hupanda taratibu, na dozi moja hushika siku nzima. Ikikaa sawa, mtu halewi wala haugui, anakwenda kibaruani.

"Wananipunja." Hili ni la wiki ya kwanza. Siku ya kwanza hupewa miligramu 30 au pungufu, na usiku arosto inaweza kurudi. Lakini dawa hii hujilimbikiza: 30 ileile siku ya nne ni nzito kuliko ya kwanza, maana ya jana bado imo mwilini. Ndiyo sababu huongezwa 5 hadi 10 kila baada ya siku kadhaa, mpaka wengi wafike kati ya 60 na 120. Anayejazia kwa unga, pombe au Valium ndiye anayelala asiamke. Akikoroma kwa namna ngeni, midomo ikabadilika rangi, huo si usingizi, pumzi inakatika. Akimbizwe hospitali apewe naloksoni, dawa ya kurudisha pumzi.

"Nimekosa siku tatu tu, nipe yangu ileile." Mwili husahau haraka. Kuanzia siku tatu dozi hupimwa upya na mara nyingi hupunguzwa; zikifika tano, kwa kawaida anaanza chini.

"Methadoni inaozesha mifupa." Haiozeshi. Mifupa ikiuma, mara nyingi dozi haitoshi.

"Dawa za TB zinaua methadoni." Hapa kijiwe kimekaribia ukweli. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hulifanya ini liisafishe methadoni upesi, hivyo mtu anakunywa kama kawaida na bado anaugua. Efavirenzi na nevirapini, dawa za VVU, nazo ni hivyohivyo. Suluhisho ni kusema mapema dozi ipandishwe, siyo kuacha vidonge vya TB. Linalosahaulika ni upande wa pili: rifampisini ikiisha, dozi ile iliyopandishwa inageuka kubwa mno, lazima ishushwe hatua kwa hatua.

"Mjamzito aache." Akikatisha ghafla anaweza kupoteza mimba. Aendelee, miezi ya mwisho huenda akahitaji zaidi. Mtoto akizaliwa anatetemeka na kulialia, hutibiwa wodini, na kunyonya ananyonya.