Kitambaa cha bloku si nguo kuukuu: maelezo kwa wazazi

Tangu tupunguze vifaa vya kutupwa kwenye bloku (chumba cha upasuaji) ya watoto, wazazi wa Kadutu na Bagira, hapa Bukavu, wanatuletea lalamiko moja: «Mutoto wangu alifunikwa na kitambaa kilichofunika wengine.» Ndiyo, kilifunika wengine.

Kitambaa hicho hufuliwa, hutazamwa kwenye mwanga (chenye tundu, hata la ncha ya sindano, kinatolewa), hukunjwa, hufungwa, kisha huingia otoklavu, mashine ya kuua vijidudu: mvuke wa digrii 121 kwa nusu saa. Mistari ya utepe ulio juu ya pakiti hutoka imegeuka myeusi. Utepe unaonyesha tu kwamba pakiti ilipita kwenye joto. Kipimo cha ndani ndicho kinachosema kama mvuke ulifika katikati; kisipobadilika, pakiti nzima inarudishwa, hata mtoto akiwa tayari mezani.

Cha plastiki mnachokidai kinafunika upasuaji mmoja wa ngiri, basi, kinachomwa. Moto usipofika digrii 850, plastiki yenye klorini hutoa sumu iitwayo dioksini. Na plastiki inayotupwa ovyo, mvua huishusha hadi ziwa Kivu. Hakuna mkaaji wa Bukavu asiyejua takataka zinavyoziba bwawa la umeme la Ruzizi. Umeme ukikatika, tunapika pakiti kwa grupe (jenereta).

Sasa uji. Kabla ya upasuaji: saa 6 bila chakula, saa 4 bila maziwa ya mama, saa 2 bila maji. Tumeandika, tumesema, tumerudia. Bado bibi anamhurumia mjukuu, anamnywesha sosoma (uji wa soya, mtama na mahindi) alfajiri, kisha anaapa. Kwa kawaida ni mtoto mwenyewe anayetuambia, kwa furaha, kwamba ilikuwa na sukari. Upasuaji unaahirishwa, na pakiti iliyofunguliwa hairudi kabatini: inafuliwa na kupikwa upya, kwa mafuta yaleyale ya grupe.

Pipa la njano ni la bendeji zenye damu. Ganda la ndizi likiingia humo, lote ni la kuchomwa, wakati Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida kama za nyumbani. Boksi la sindano hufungwa likijaa robo tatu, msilisukume, msilifungue.

Dekreti ya serikali ya Congo n° 17/018 ya 30 Desemba 2017 inakataza sashe (mifuko) za plastiki. Mlinzi akiichukua getini, msimgombeze. Chakula cha mgonjwa kije kwenye sahani yenye kifuniko.