Ubora wa maisha ya mfanyakazi: maana yake na mambo yanayoujenga au kuuvunja

Ubora wa maisha ya mfanyakazi ni dhana inayoeleza jinsi kazi inavyogusa maisha yote ya mtu: afya ya mwili wake, utulivu wa moyo, uhusiano wake na wenzake, na nguvu anazobaki nazo kwa ajili ya watu wa nyumbani zamu inapokwisha. Wengi wakiusikia msemo huu huwaza mshahara kwanza, wala hawakosei, kwa maana asiyemudu kodi ya nyumba hana utulivu wa kuzungumziwa. Lakini katika hoteli moja ya Nyali, mjini Mombasa, wanaweza kuwapo wawili wanaolipwa sawasawa, mmoja akarudi kwake na hamu ya kucheza na watoto, na mwenzake akarudi hana hata nguvu ya kuitikia salamu.

Ufafanuzi ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni ule alioutoa mtafiti Mmarekani Robert Karasek mwaka 1979. Alisema kwamba yapo mambo mawili ya kuangaliwa kwa pamoja, yaani uzito wa majukumu na uwezo wa mfanyakazi kuamua namna ya kuyatekeleza, na kwamba mkazo unaodhuru huzaliwa pale majukumu yanapokuwa mazito na uwezo huo ukawa mdogo. Rubani anayeingiza meli bandari ya Kilindini ana jukumu zito sana, ila ujuzi wake unasikilizwa, na neno lake lina uzito.

Sasa tumtazame mama anayekaa Likoni na kusafisha vyumba katika hoteli hiyo ya Nyali. Ratiba ya zamu hubandikwa ukutani karibu na mlango wa jikoni kila Jumapili. Jumatano jioni anakuta jina lake limekatwa kwa kalamu nyekundu na kuhamishiwa zamu ya alfajiri, bila ya kuulizwa. Itambidi aamke saa tisa na nusu usiku, awaachie watoto chai kwenye chupa, ateremke kivukoni, avuke kwa feri, kisha atafute matatu ya kumfikisha kazini kabla ya saa kumi na mbili. Safari yenyewe ameizoea. Asichoweza kukizoea ni kutoijua kesho yake, maana hathubutu hata kumwahidi mwanawe kwamba atafika kwenye mkutano wa wazazi.

Jambo jingine ni uwiano wa juhudi na malipo, ambao mtafiti Johannes Siegrist aliueleza mwaka 1996. Katika hesabu yake malipo si fedha tu, bali pia heshima, nafasi ya kupanda cheo na uhakika wa ajira. Kibarua anayejituma kwa miaka bila ya kuandikwa kazi ya kudumu anakosa vitu hivyo vyote kwa pamoja.

Iko pia kazi ya hisia, ambayo mwanasosholojia Mmarekani Arlie Hochschild aliifafanua mwaka 1983 kwa kuwachunguza wahudumu wa ndege: kutabasamu kwa amri, hata unapotukanwa. Sisi wa Pwani tumelelewa kumkaribisha mgeni kwa moyo mkunjufu, na huenda ndiyo sababu hatuoni upesi kwamba ukarimu unaodaiwa saa nane mfululizo kwenye kaunta ya mapokezi ni kazi inayochosha.

Haya yakidumu bila ya kushughulikiwa, mtu huishiwa nguvu, huanza kuichukia kazi yake na utendaji wake hushuka. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo kuwa ni jambo linalotokana na kazi, wala halikuihesabu kuwa ni maradhi. Tofauti hiyo ni muhimu mno, kwa sababu inaelekeza macho mahali pa kazi badala ya kumlaumu mfanyakazi kuwa ni dhaifu.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo kamili. Haki hizo ni msingi, lakini kalamu nyekundu imo mikononi mwa msimamizi. Yule mama akiulizwa Jumatatu kuhusu zamu ya Alhamisi, atapata nafasi ya kuzungumza na jirani yake ampelekee watoto shuleni, na usiku ule atalala.