Haiumi kwa hiyo si kitu? Mambo tunayodanganyana geto kuhusu kansa ya mdomo

Wiki ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula) muhula uliopita tulikuwa tunadesa geto, Ng'ong'ona huku Dodoma, saa nane usiku umeme umekata tunatumia tochi za simu. Mshkaji wangu akavuta mdomo wa chini ili achomeke kuberi (tumbaku ya kubana mdomoni) kama kawaida yake asisinzie, mwanga ukampiga palepale, nikaona pale anapowekaga pamekuwa peupe, pamekunjamana kama kidole kilichokaa kwenye maji ya kufulia muda mrefu. Nikamuuliza panauma? Akasema hapaumi hata kidogo, kwa hiyo si kitu.

Sasa hilo neno ndo limenifanya niandike, maana baba yangu mdogo kule Kongwa alisema hivyohivyo.

Jamani, kansa ya mdomo ikianza mara nyingi haiumi. Vile vidonda vidogo vya kawaida vinavyokufanya ushindwe hata kula chipsi zenye pilipili, vinauma kweli lakini ndani ya wiki moja au mbili vimepona vyenyewe. Cha kuogopa ni kile kilichonyamaza tu: kidonda kimepita wiki 2 hakijafunga, baka jeupe ukilisugua na mswaki halitoki, baka jekundu (hili ndo baya zaidi ya jeupe), kinundu, ganzi kwenye ulimi au mdomo, tezi shingoni isiyoshuka, kumeza kwa shida. Ukisubiri mpaka iume unakuwa umeshachelewa sana.

Halafu kuna hii ya "kuberi na ugoro havina moshi, kwa hiyo havina shida". Aisee hii imeshika chuoni mpaka basi, watu wanaona kansa ni mapafu na mapafu ni sigara, imeisha hiyo. Tumbaku ni tumbaku. Ukiiweka kati ya fizi na mdomo inakaa imegusana na nyama yako saa nzima, sumu zake zinaingia palepale, na ndo maana baka linatokea kwenye kona ileile unayoweka kila siku. Ugoro wa bibi zetu nao unachanganywa na magadi, na magadi yanafanya nikotini iingie kwa kasi zaidi, ndo maana kuacha ni shughuli. Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO imeiweka tumbaku isiyo na moshi kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kabisa kusababisha kansa kwa binadamu. Popoo ile inayotafunwa kwenye tambuu nayo imo humohumo, hata ukiitafuna bila tumbaku.

Shisha? "Maji yanachuja." Hayachuji, yanapoza tu moshi ndo maana unavuta kwa raha na kwa muda mrefu, sumu zinapita kama kawaida na moshi wa mkaa unaongezeka juu yake. Serikali iliipiga marufuku 2016 lakini tukisema ukweli boom (hela ya mkopo wa chuo) likiingia wote tunajua inapatikana wapi.

Pombe ndo inashangaza wengi. Nimeuliza darasani kwetu watu kama kumi hivi, wawili tu ndo walijua pombe inahusika na kansa ya mdomo, wengine wanajua ini basi. Sisi wa Dodoma tunajivunia zabibu zetu na mtu anakwambia mvinyo ni matunda, ni dawa ya damu. Pombe iko kundi la kwanza tangu 1988, iwe mvinyo, bia au pombe kali, kwa sababu mwili ukiivunja inatoka kemikali inayoharibu chembe za mdomoni na kooni. Na mtu anayekunywa huku anavuta, hatari haijijumlishi, inajizidisha, maana pombe inailainishia njia sumu ya tumbaku. Na ndo wikiendi za wengi wetu hizo, glasi huku sigara huku.

Kuna wanaosema ni ugonjwa wa wazee. Wengi wanaougua wamevuka 40, ni kweli, lakini mtu wa miaka 50 aliyeanza tumbaku au pombe na miaka 20 ameibeba hatari yake miaka 30. Na kuna kansa za koo na tonsili zinazoletwa na kirusi cha HPV aina ya 16, kilekile cha kansa ya shingo ya kizazi, kinachoweza kuingia kwa ngono ya mdomo, hata kama hujawahi kugusa sigara. Chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima 2018 kwa mabinti wa miaka 14, ndo maana wengi wanadhani haiwahusu wanaume. Kansa yenyewe haiambukizi, kunywa kikombe kimoja na mgonjwa hakuna shida yoyote, msimtenge mtu.

Na jua pia, hasa kwa wenzetu wenye ualbino. Jua hili letu la Dodoma linachoma mdomo wa chini kwa miaka mpaka linaleta kansa, kofia pana si urembo.

Nirudi kwa baba mdogo. Jino lilianza kucheza, akang'olewa, shimo halikufunga, ukoo mzima mpaka leo unasema kung'oa jino ndo kulileta kansa. Hapana, uvimbe ulikuwa umeshakula mfupa chini, ndo maana jino lililegea. Alipoambiwa akatwe kinyama kidogo kikapimwe akakataa, watu walimwambia kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Hicho kipimo hakisambazi, na bila hicho daktari hawezi kujua anatibu nini. Miezi saba ikapita. Alipofika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, alikuwa hawezi kufungua mdomo kupitisha kijiko cha uji. Tulimzika mwaka huohuo.

Kwa hiyo mshkaji wangu sikumwachia. Asubuhi yake nilimpeleka mwenyewe kitengo cha kinywa na meno, wakamwangalia chini ya ulimi, pembeni ya ulimi, ndani ya mashavu, wakampapasa shingo, haikuchukua hata dakika kumi. Wakamwambia aache kuberi kabisa arudi baada ya wiki kadhaa, na kama baka bado lipo watakata wapime. Alihangaika kuacha, kichwa kinauma, hasira, akawa anatafuna karanga usiku kucha. Aliporudi weupe ulikuwa umebaki kidogo tu, wamempa tarehe nyingine mwezi ujao na nimeiandika kwenye simu yangu.