Kwa nini kompyuta yenye kori nyingi huweza kufanya kazi polepole kuliko yenye kori chache?

Alfajiri, maji yakianza kutoka kwenye bomba la mtaani kwetu Wete, mtu akifika na ndoo yake haulizi foleni ina watu wangapi. Huuliza, "Wa mwisho nani?" Atajibiwa, "Mimi hapa, mwanangu." Naye atasema, "Basi mimi niko nyuma yako, bibi." Yameisha. Akae barazani asuke ukili wake, hana haja ya kulikodolea bomba macho. Bibi akimaliza kuteka, atamwita.

Ndani ya kompyuta, desturi hiyo ilichelewa sana kufika.

Kerneli ndiyo roho ya mfumo endeshi: ndiyo inayogawa memori, faili na mtandao kwa programu zote. Kori ni vile vitengo ndani ya prosesa, ubongo wa kompyuta, vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja. Kori mbili zikichukua kwa pamoja ukurasa uleule, yaani kipande kilekile cha memori, kila moja ikidhani ni wake peke yake, data zitaharibika. Kwa hiyo huwekwa kufuli. Kufuli lenyewe ni namba tu ndani ya memori: 0 ni wazi, 1 limefungwa. Kori inayokuta 1 husubiri huku ikichungulia tena na tena.

Wengi hudhani hasara inatokana na kule kusubiri. Hasara kubwa zaidi imo katika kuchungulia. Kila kori ina kashe yake, yaani memori ndogo ya haraka iliyo karibu nayo, na katika prosesa nyingi za leo kashe hubeba memori kwa vipande vya baiti 64. Wanaosubiri wote wana nakala ya kipande kilekile chenye kufuli. Mwenye kufuli akiandika 0, nakala zote hizo hubatilika papo hapo, na kila kori hukimbilia kuchukua mpya. Kori mbili, haidhuru. Zikiwa 48, wote wamelivamia bomba na ndoo mkononi, na anayestahiki hapati pa kupita. Kukabidhi kufuli kunachukua muda mrefu kadiri wanaosubiri wanavyoongezeka, na kadiri kukabidhi kunavyochelewa, wanaosubiri wanazidi. Mwaka 2012 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, wakitumia mashine ya kori 48, walionesha kwamba anguko hili huja ghafla: unaongeza kori chache tu, kazi inayofanyika inashuka vibaya.

Mwaka 2008 Linux, mfumo endeshi unaotumika sana, katika toleo la 2.6.25 ilianza kutumia kufuli la tiketi. Kila kori hupewa namba na kungoja iitwe. Haki ilipatikana, lakini macho yote yalibaki kwenye ubao mmoja, na gharama ikabaki palepale.

Dawa ilikuwa imeshaandikwa tangu 1991 na John Mellor-Crummey na Michael Scott. Katika kufuli lao, anayekuja huuliza nani wa mwisho, humwambia yuko nyuma yake, kisha huchungulia mahali pake mwenyewe tu, ndani ya kashe yake. Aliyemaliza huandika mahali pa anayemfuata, basi, wengine hawasumbuliwi. Linux ililiingiza wazo hilo katika makufuli yake ya kawaida toleo la 4.2, mwaka 2015, baada ya kulibana likae ndani ya baiti 4, kwa sababu makufuli ya kerneli yamo kila mahali na hayana ruhusa ya kunenepa.

Hata hivyo, foleni iliyonyooka bado ni foleni. Mimi naona kazi kubwa zaidi ni ile ya kuongeza mabomba. Linux 2.0 ya mwaka 1996 ilianza na kufuli moja kubwa kwa kerneli nzima. Kulivunjavunja hadi kulitoa kabisa kulichukua hadi 2011, toleo la 2.6.39. Kwa data zinazosomwa sana na kubadilishwa mara chache, kuna njia ya RCU (read-copy-update, yaani soma, nakili, sasisha), iliyoingia Linux mwaka 2002: msomaji hashiki kufuli lolote. Mwandishi hutengeneza nakala mpya, na ile ya zamani haitupwi mpaka wasomaji wake wote wawe wameondoka.

Na kazi hiyo inaendelea. Mpaka juzi, nyuzi zote za programu moja, yaani kazi zake zinazokwenda sambamba, zilipohitaji kurasa mpya za memori zilipitia kufuli moja la ramani nzima ya memori ya programu hiyo. Tangu toleo la 6.4, mwaka 2023, mara nyingi uzi hufunga eneo lake tu, na jirani anayeteka upande wa pili hana habari.