Je, wajua nani hasa anakula riba ya deni la Kenya?

Juni 25, 2024, wabunge wa Kenya walipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyohiyo vijana wakavamia Bunge. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya msimu huo. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi mswada uliolenga takriban shilingi bilioni 346 za ushuru wa ziada. Hoja yake ya kuutaka mswada huo ilikuwa deni: katika kila shilingi 100 za ushuru, alisema, 61 zinalipa madeni.

Zinamwendea nani? Uliza ndani ya matatu, utajibiwa: Mchina. Jibu hilo halikutoka hewani, maana Benki ya Exim ya China ndiyo iliyokopesha sehemu kubwa ya pesa za reli ya Mombasa hadi Nairobi, na reli kila mtu anaiona. Lakini katika wadai wa nje, Benki ya Dunia inaitangulia China, na mikopo yake mingi ni ya riba nafuu na ya miaka mingi. Hata ile Eurobond ya 2014 (mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje) ya dola bilioni 2, iliyowakosesha watu usingizi mapema 2024 dola ilipokaribia shilingi 160, ilikuwa sehemu ndogo ya hesabu. Katikati ya mwaka huo deni lote lilikuwa kama shilingi trilioni 10.6, na zaidi ya trilioni 5 zilidaiwa na wa humuhumu nchini: benki, mifuko ya pensheni, kampuni za bima. Kwenye riba pengo ni kubwa zaidi, kwani zaidi ya theluthi mbili ya riba yote hubaki Kenya.

Sababu ni bei ya mkopo. Februari 2024 serikali iliuza hatifungani ya miundombinu, yaani cheti cha mkopo wa miaka kadhaa, yenye riba ya asilimia 18.46, tena isiyokatwa ushuru. Dhamana za Hazina za siku 364, yaani mikopo ya serikali isiyofika mwaka, nazo zilizunguka asilimia 16.

Tazama dhamana moja kama hiyo. Ya shilingi 100,000, kwa asilimia 16, unainunua kwa kama 86,240. Baada ya siku 364 Hazina inakulipa 100,000 kamili. Faida yako ni 13,760, ambayo serikali hiyohiyo inaikata asilimia 15, yaani 2,064. (Naam, inatoza ushuru riba inayoilipa yenyewe.) Sasa, siku ya kulipa ikifika na kasha ni tupu, Hazina inauza dhamana mpya. Ili ipate 100,000 mkononi, lazima iahidi kulipa kama 115,950. Ikirudia mwaka wa pili, ahadi inafika kama 134,450. Ni kukopa chama hiki cha akiba ili ulipe chama kile: anayedai anabadilika, deni linanenepa, na hakuna hata kalvati moja iliyojengwa. Kwa kawaida sehemu hulipwa kwa ushuru na sehemu kwa mkopo mpya, kwa hiyo mwendo halisi ni wa polepole kuliko mfano huu.

Basi kwa nini wadai wa ndani wasiambiwe wasubiri? Kwa sababu pesa walizokopesha ni akiba za watu. Benki ikikosa kulipwa, mwenye akaunti ndiye anayeanza kuhangaika. Mfuko wa pensheni ukikosa, ni mstaafu. Hapo ndipo mambo yanapopinda: mwenye mshahara na pensheni analipa ushuru kwa mkono mmoja na kupokea riba kwa mwingine, ilhali muuza mboga asiye na akiba angelipia ushuru wa mafuta ya kupikia, uliokuwa kwenye mswada kabla haujaondolewa siku chache kabla ya kura, bila kurudishiwa chochote. Hilo halitoshi kueleza ghadhabu yote ya Juni. Waandamanaji walitaja pia ufisadi na anasa za viongozi.

Mswada ulikufa, riba haikufa. Julai 2024 ada ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kwa tangazo la waziri, bila kura ya wabunge. Mwaka 2025 shilingi 7 hizo zilizoongezwa ziliwekwa dhamana ili kupata mkopo wa shilingi bilioni 175, wa kuwalipa wakandarasi wa barabara waliokuwa wakiidai serikali.