Je, wajua chembe ndogo mno za fedha, ile metali, hufichuaje sumu kwenye mboga?

Fungu la lengalenga katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi, laweza kubakiwa na dawa ya ukungu kama thiramu bila jicho wala pua kuigundua. Mwanga wa leza huitambua. Kila molekuli hutetemeka kwa namna yake, na mwanga ukiigonga, sehemu yake ndogo hurudi na rangi iliyobadilika kulingana na mtetemo huo. C. V. Raman wa India alitangaza jambo hili mwaka 1928, akapata Tuzo ya Nobel 1930. Ugumu ni kwamba katika chembe za mwanga milioni 10 hivi, hubadilika moja tu.

Mwaka 1974, huko Southampton, Uingereza, Martin Fleischmann na wenzake walitumia umeme kuparuza uso wa fedha, wakaona ishara kali ajabu ya mwanga huo uliobadilika rangi. Miaka mitatu baadaye ikathibitika kwamba fedha yenyewe ndiyo iliyoikuza, mara laki moja au zaidi.

Elektroni huru za fedha huyumba mwanga unapozipiga, kama maji ya beseni linalotikiswa kwa mwendo wake hasa. Chembe mbili zikikaribiana kwa nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), uga wa umeme hurundikana katika upenyo ulio kati yao. Uga ukiongezeka mara 10, ishara hupanda takribani mara 10,000. Thiramu ina salfa inayong'ang'ania fedha, hivyo hunasa palepale panapofaa.

Kuzitengeneza chembe hizo za fedha si lazima kuwe na mtambo mkubwa: nitrati ya fedha, yaani chumvi ya fedha, huchemshwa majini pamoja na sitrati, chumvi ya asidi ya limau, chembe zikajijenga zenyewe. Njia ninayoipenda zaidi ni ya kupanga vitufe vidogo vya plastiki juu ya kioo, kupitisha mvuke wa fedha, kisha kuviondoa. Penye mianya hubaki pembetatu za fedha, karibu zote sawa.

Chuma hakifai, kwa sababu elektroni zake hupoteza nguvu upesi kuwa joto. Shaba yetu ya Katanga hufaa kwa mwanga mwekundu, ila hushika kutu haraka. Dhahabu hudumu, fedha hukuza zaidi.

Wengi hapa wangependa kwanza kupima kobalti na shaba katika mto Kafubu. Atomi iliyo peke yake haina kiungo cha kutetemeka, kwa hiyo leza haiioni moja kwa moja. Watafiti hubandika juu ya fedha molekuli inayonasa metali hizo, kisha husoma jinsi mtetemo wa molekuli hiyo unavyobadilika.