Bima kubwa hailipi msitu uliouchoma

"Nina bima kubwa, moto ukitokea kampuni italipa." Kila kiangazi naisikia kauli hii kwa waendesha jeep na kwodi (pikipiki za magurudumu manne) wa California, na inawafilisi watu. Kinga ya moto kwenye bima kubwa inalipa gari lako likiungua. Nyumba za watu, uzio wa mfugaji na msitu wa serikali viko chini ya dhima kwa mtu wa tatu, yaani sehemu ya bima inayolipa hasara uliyowasababishia wengine, na dhima ina kikomo.

Kwa gari la barabarani, kima cha chini cha sheria ya California kwa uharibifu wa mali ni dola 15,000 tangu Januari 2025. Kabla yake kilikuwa 5,000. Hicho ni kwa ajali moja, si kwa kila mdai. Moto uliotoka kwenye gari moja kwa kawaida huhesabiwa ajali moja, hivyo wenye nyumba kumi hugombania dola hizo hizo. Zikiisha kulipwa, katika mikataba mingi wajibu wa kukuwekea wakili nao unakoma.

Wenye kwodi hukimbilia bima ya nyumba. Mkataba wa kawaida wa Marekani unaondoa vyombo vyenye injini, kisha unarudisha vichache: cha burudani cha nje ya barabara, kama si mali yako, au kama ni chako lakini tukio limetokea kwenye eneo lililokatiwa bima. Kwodi yako mwenyewe ndani ya ardhi ya Forest Service, idara ya misitu ya serikali ya Marekani, haimo.

Sasa gharama za kuzima moto, na hapa ndipo watu wananichosha. Kifungu cha 13009 cha sheria ya afya na usalama ya California kinamdai aliyewasha moto kwa uzembe, au kwa kuvunja sheria, gharama za kikosi cha zimamoto. Helikopta na saa za wafanyakazi zinaingia kwenye ankara hata kama hakuna nyumba iliyoungua. Bima inaahidi kulipia "uharibifu wa mali". Je, ankara ya kuzima ni uharibifu wa mali? Kampuni husema ni deni la kisheria tu. Mwenye bima hujibu kwamba ilitokana na mali kuungua. Sitamwahidi mtu ushindi hapo. Uliza kabla ya kiangazi, na jibu liwe la maandishi.

Kukosa kizuia cheche, kifaa cha kwenye bomba la moshi, hakufuti bima peke yake, lakini kunarahisisha kuthibitisha uzembe. Kifungu cha 4442 cha sheria ya rasilimali za umma ya California kinataka kizuie chembe zinazozidi inchi 0.0232, yaani karibu milimita 0.6. Wala kisikupe usingizi: hakizuii nyasi kavu zilizojikusanya juu ya bamba la chini, kando ya bomba la moshi au kataliti, kifaa cha kusafisha moshi wa injini. Kataliti ikifanya kazi hupita nyuzi 400 za Selsiasi. Nyasi hufuka bila mwali, kisha zinadondoka njiani zikiwa makaa. Simama mara kwa mara uzitoe.

Moto ukishatokea, usioshe chombo wala kubadilisha bomba: ni ushahidi, pengine wa kukutetea. Iarifu kwa maandishi kila kampuni yako: ya gari, ya nyumba na ya bima ya mwavuli, yaani bima ya dhima ya ziada juu ya hizo nyingine. Hiyo ya mwavuli kwa kawaida inataka kwodi iwe na bima yake ya dhima chini yake, kwa kiwango kilichotajwa. Isipokuwepo, pengo hilo unalilipa mwenyewe kabla mwavuli haujaanza kulipa, na kuna mikataba isiyogusa kabisa kwodi isiyoorodheshwa.